Nati Nne za Kushoto

Mliponiaga mlinipa saa ya ukutani na keki iliyoandikwa jina langu vibaya, kisha mkaniomba niwaandikie mambo mawili matatu ya kazi, myabandike pale karibu na kabati la spana. Saa inatembea, keki imeliwa na wajukuu, na mambo yenyewe ndiyo haya. Hayatatosha ukutani. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala nilikuwa napata nini mwisho wa mwezi, maana hayo hayajawahi kumfundisha mtu kukaza nati. Nitawaeleza namna ya kufunga yu-bolti za springi za nyuma za pikapu, na nitawaeleza habari za Fundi Shee, ambaye nyote mmesikia kwamba alimuua dereva kwa uzembe. Hadithi hiyo hurithiwa katika gereji yetu pamoja na vyombo. Ni ya uongo, na aliyeweza kuikanusha siku ile ile ni mimi.

Nilifika Shimanzi mapema miaka ya tisini nikitokea Kaloleni, na cheti changu cha ufundi nimekifunga kwenye nailoni kisiharibiwe na jasho. Gereji ilikuwa pale pale ilipo leo, kati ya maghala mawili, na malori ya bandarini yakipita spana zilikuwa zikitetemeka rafuni. Tajiri mwenye gereji alinipokea, akanipeleka kwa Fundi Shee, akaenda zake. Shee alikuwa mtu wa Kibokoni, Mji wa Kale, mfupi, mkimya, kofia yake nyeupe hata kwenye grisi. Sikupata kujua alikuwa akifanyaje isichafuke. Alikisoma cheti changu mbele na nyuma, akanirudishia.

"Karatasi njema," akasema. "Sasa ndoo huku tini."

Nikamfuata, nikalala naye chini ya pikapu mpaka adhana ya adhuhuri. Hakunifundisha kitu kingine siku hiyo isipokuwa springi ya nyuma. Alikuwa akigusa chuma na kuuliza jina lake, kisha kazi yake, kisha kitatokea nini kisipokuwapo. Swali la tatu sikuwahi kuulizwa shuleni.

Kwa wale kati yenu wanaojua kidogo na kujifanya wanajua sana, nianze mwanzo. Springi ya nyuma ya pikapu ni vyuma bapa vilivyolaliana, kirefu juu na vifupi chini. Kinachoifunga kwenye ekseli ni yu-bolti mbili kila upande, vyuma vilivyopindwa, kila kimoja na miguu miwili, na kila mguu na nati yake. Nati nne kulia, nati nne kushoto. Katikati ya springi mna bolti moja nyembamba, senta bolti, ambayo kichwa chake hukaa ndani ya tundu la ekseli. Watu hudhani hiyo ndiyo inayoizuia ekseli isitembee. Siyo. Senta bolti inaonyesha mahali tu. Zenye kushika ni yu-bolti. Yu-bolti zikilegea, au kichwa cha senta bolti kisipoingia tunduni sawasawa, bolti ile nyembamba huachiwa kazi isiyo yake, nayo hukatika kama muhogo. Ikikatika, ekseli inarudi nyuma upande mmoja, na gari linakwenda linakotaka lenyewe.

Masharti ya Shee alikuwa akiyarudia kila gari kana kwamba hatujawahi kuonana. Yu-bolti ya zamani hairudishwi hata ikiwa inang'aa, maana ikishavutwa mara moja haivutiki tena vizuri. Kiti cha ekseli, pale springi inapokalia, kisuguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Nati zote zizungushwe kwa vidole kwanza, kisha uhesabu nyuzi za bolti zinazochomoza chini ya kila nati; zikiwa tatu huku na saba kule, fungua uanze upya. Halafu teremsha gari. Hapa ndipo wengi wenu mnaposhindwa, na msinikatalie, nimewaona. Gari likiwa limeinuliwa juu ya stendi za chuma springi inaning'inia, imejikunja. Ukikaza hapo utahisi umekaza kweli kweli, jasho litakutoka na mkono utakuambia basi. Gari likishuka na kubeba mzigo springi inanyooka, vyuma vinalaliana upya, na ile nafasi ndogo inayopatikana inatosha kuilegeza nati uliyoitolea jasho, bila nati yenyewe kuzunguka hata kidogo. Kwa hiyo gari likanyage chini kwa magurudumu yake, nawe ulale chini yake ukaze kwa msalaba, nati hii kisha ile iliyo mkabala wake kwa pembe, mara tatu, kila mara ukiongeza nguvu. Na likishabeba mzigo wa kwanza, lirudi kesho yake likazwe tena.

"Huo msalaba ni wako, Katana," Shee alikuwa akinitania, kwa kuwa katika gereji nzima Mkristo nilikuwa peke yangu. "Sisi twauazima tu."

Sharti la mwisho lilikuwa la rangi. Nati ikishakazwa ilichorwa mstari mmoja wa rangi nyeupe, kutoka kwenye nati kupita kwenye bamba lililo nyuma yake, ili nati ikizunguka mstari ukatike na fundi aone. Hilo hufanywa na gereji nyingi. Letu lililokuwa tofauti ni kwamba aliyekaza hakuruhusiwa kushika brashi. Mwenzake ndiye aliyelala chini ya gari, akajaribu kila nati kwa spana, kisha akatia rangi, na majina yote mawili yakaandikwa kwenye daftari la kazi: aliyekaza, fulani, aliyetia rangi, fulani. Katika mwezi wangu wa pili nilijitilia rangi mwenyewe kwa kuona najua. Shee hakunigombeza. Alizifungua nati zote nane, akanikabidhi spana, akaketi kwenye ndoo kunitazama nikianza upya.

"Rangi ni ushahidi," akasema nilipomaliza. "Na mtu hajitolei ushahidi mwenyewe."

Nilikaa naye miaka sita hivi bila kulisahau hilo.

Kisha ukaja mwaka wa mvua kubwa, zile zilizokata barabara ya Nairobi na kuyalaza malori njiani siku nyingi. Mitaani mashimo yalikuwa yamejaa maji, dereva hajui hili ni la kifundo au la magoti, na kila asubuhi tulikuta foleni ya magari yaliyoinama upande mmoja. Ramadhani iliingia katikati ya mvua hizo. Mmoja wa wateja wetu wa siku zote alikuwa Omari, dereva wa Majengo, mtu wa maneno mengi na pikapu nyeupe, aliyekuwa akichukua tende kwenye maghala ya Shimanzi na kuzipeleka madukani. Kila akipita mwezi huo alimwachia Shee tende za kufuturia juu ya boneti. Mimi pia aliniachia, akijua fika mchana nimekula.

"Wewe wafunga nati tu, saumu huifungi," alikuwa akiniambia. "Shika, Mola ni mwingi wa rehema."

Ijumaa moja aliileta pikapu ikiwa springi ya nyuma kushoto imevunjika. Tuliipandisha juu ya stendi, tukatoa iliyovunjika, Shee akaiweka mpya kwa mikono yake. Nilimwona akiipapasa senta bolti kwa kidole kutafuta tundu lake, kisha akaniachia nizungushe nati kwa vidole. Wakati wa sala ya Ijumaa ulipofika alinawa mikono kwa sabuni ya unga. Alikuwa amepita miaka sitini, na midomo yake ilikuwa imekauka kwa kiu.

"Teremsha, ukaze kwa uzito," akasema. "Rangi niatia mimi, 'taitia nkirudi."

Wote wakaenda msikitini, nikabaki peke yangu na jeki. Jeki ile ilikuwa inavuja mafuta, kuteremsha gari nayo ilikuwa kazi ya nusu saa, na pale magurudumu yalipopaswa kukanyaga palikuwa na dimbwi la maji ya mvua na mafuta machafu. Ningelazimika kulala ndani yake. Nikaona nati ni nati, ikikazwa juu au chini. Nikatia bomba kwenye mkono wa spana, nikazikaza nati nne za kushoto gari likiwa juu ya stendi mpaka miguu yangu ikateleza. Zilikaza. Jasho lilinitoka, na mkono ukaniambia basi.

Kisha nikaliona kopo la rangi. Nikamfikiria Shee akirudi na kiu yake, mtu mzima, amefunga, aje alale kwenye maji machafu kutazama nilichokwisha kukitazama mimi. Nikatia rangi. Mistari minne, imenyooka vizuri sana, kisha ndipo nikaliteremsha gari. Nilijiambia ninamfanyia adabu mzee wangu, na kwa miaka mingi nimeendelea kujiambia hivyo. Ukweli ni kwamba uvivu ndio uliotangulia, adabu ikaja baadaye kuufunika.

Shee aliporudi gari lilikuwa limeshuka na Omari yuko kwenye usukani anapiga honi. Shee akainama, mkono mmoja gotini, akaiona mistari.

"Nani katia rangi?"

"Mimi, Fundi. Nimeona umefunga, na huku chini kuna maji."

Aliitazama spana. Najua alikuwa akifikiria kuzifungua zote.

"Fundi, tende za watu hizo!" Omari akapaza sauti. "Kuna watu wazingojea magharibi, na jua halinisubiri mimi."

"Umekaza kwa uzito?" Shee akaniuliza.

"Naam, Fundi."

"Katana. Kwa uzito?"

"Kwa uzito."

Akanitazama kidogo, kisha akaenda kwenye daftari. Aliyekaza: Katana. Aliyetia rangi: Shee. Ule ndio uongo pekee niliopata kumwona akiuandika, na aliuandika kwa sababu aliniamini. Akamwambia Omari arudi kesho yake asubuhi ili zikazwe tena, na Omari akaitikia inshallah huku ameshaingiza gia.

Ilitokea kabla ya magharibi, kati ya Makupa na Majengo, pikapu ikiwa na magunia mpaka juu. Walioona walisema gari liliyumba nyuma, kisha likageuka lenyewe kulia na kujigonga kwenye lori la mbao lililokuwa limesimama. Hakuna mwingine aliyeumia. Watu waliokuwa barabarani wananunua futari walimtoa Omari kwa mikono na nondo, na adhana iliwakuta bado wanahangaika naye. Magunia yalikuwa yamepasuka. Kuna waliookota tende pale chini wakafungua saumu nazo wakiwa wamemshika, kwa kuwa hapakuwa na kingine. Alikata roho kabla ya kufika hospitali.

Kesho yake tuliitwa kituoni, mimi na Shee na daftari. Mkaguzi wa magari alikuwa ameilaza ekseli uani. Senta bolti ilikuwa imekatika na kichwa chake kimepotea. Nati za kushoto zilikuwa zimelegea, unazitikisa kwa vidole, lakini mistari ya rangi haikukatika hata mmoja. Mkaguzi akatueleza kwa upole. Nati hazikuzunguka, kwa hiyo ziko vile vile zilivyoachwa na mafundi. Ama zilikazwa gari likiwa juu, ama senta bolti haikuwekwa tunduni sawasawa na springi ikakaa upande. Hakuna la tatu. Aliyeiweka springi ni nani? Shee akasema ni yeye. Kisha akanigeukia mbele ya mkaguzi na askari wawili.

"Ulikaza kwa uzito?"

Nilikuwa na mke na watoto wawili Tudor, chumba kimoja. Siwaambii hili ili mnionee huruma. Nawaambia kwa sababu ndilo nililoliona mbele ya macho yangu wakati ule.

"Ndiyo, Fundi," nikasema.

"Basi ni mimi," Shee akamwambia mkaguzi. "Senta bolti nimeieka vibaya."

Hakushtakiwa, ila tajiri alimwambia asirudi kazini. Omari alizikwa makaburini Sarigoi siku hiyo hiyo. Siku ya tatu Shee alikwenda nyumbani kwa marehemu Majengo, nami nikamfuata, maana kutomfuata kungeonekana. Mjane, Bi Mwanaisha, alikuwa ndani ameshakaa eda. Shee alisimama ukumbini, kofia mkononi kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaongea na pazia.

"Bi Mwanaisha, ni mkono wangu uliokosa. Nimekuja kutaka radhi."

 Kisha sauti ikatoka ndani: "Nimekusamehe, Fundi. Na Mola akusamehe."

Nami nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaitikia amina.

Yaliyofuata gerejini mnayajua kutoka kwenye keki na hotuba. Mtu akiondoka, mwingine hukaa mahali pake, na pa Shee nilikaa mimi. Ya Shee hamyajui. Alipata kazi gereji nyingine hapo hapo Shimanzi, akakaa mwezi mmoja. Springi akishaifunga alikuwa akiifungua tena kuangalia kama senta bolti imekaa, anafunga, anafungua, mara nne, mara tano, mpaka wenye magari wakachoka. Walimrudisha nyumbani kwa heshima. Nilipokwenda kumsalimu Kibokoni siku ya Idi, nilimkuta barazani ameshika kipande cha ekseli chenye tundu na senta bolti moja ya zamani. Alikuwa amefumba macho. Anaitia bolti tunduni, anaitoa, anaipapasa kwa kidole, anaitia tena.

"Yaingia," akaniambia bila kufumbua. "Kila nkiitia yaingia, na kidole chajua. Siku ile nalikosa vipi, Katana?"

Nikamwambia ni kazi ya Mungu, Fundi. Nikamwachia halua yake, nikaenda zangu.

Nilikwenda kila Idi, na kila Idi aliniuliza alikosa vipi. Mwishoni mwa miaka ile ya tisini aliugua kifua, akalala. Mwanawe alinitumia salamu niende. Nilimkuta kakonda, mikono imelala juu ya shuka, safi, kucha nyeupe ambazo sikuwahi kuziona. Ile senta bolti ilikuwa kando ya mto. Tulipobaki wawili aliniuliza lile swali la gerejini na la kituoni kwa mara ya tatu, na safari hii pole pole, kama mtu anayeogopa jibu.

"Ulikaza kwa uzito?"

"La, Fundi," nikasema. "Nilikaza juu ya stendi. Nilikudanganya, na kituoni nikakudanganya tena."

Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Alinyanyua mikono yake miwili akaitazama, mbele na nyuma, kama alivyokitazama cheti changu siku ya kwanza. Machozi yakamtoka, nami nikalia.

"Basi niliieka sawa," akasema. "Niliieka sawa, wallahi."

 Halafu akanigeukia, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mimi sina deni nawe, na wewe huna deni nami. Lakini nenda kwa Mwanaisha. Ile radhi nimeitaka kwa kosa lisilo langu. Wewe hujaitaka yako."

Nikaahidi. Shee alifariki siku ya nne yake. Na mimi, niliyeahidi kwa mtu anayekufa, sikwenda. Nilisema nitakwenda baada ya arubaini yake, kisha baada ya mvua, kisha watoto wakimaliza shule. Miaka ikapita nikiwafokea nyinyi mlale chini ya magari, nanyi mkishangaa kwa nini Mzee Katana hashiki brashi ya rangi kamwe. Mlikuwa mkisema ni maringo.

Juma lililopita nilikwenda Majengo. Bi Mwanaisha yuko nyumba ile ile, amekuwa bibi, macho yameingia ukungu. Nilimsomea karatasi hizi mwanzo mpaka pale Shee alipofariki. Alisikiliza mikono mapajani, bila kunikatiza hata mara moja.

"Shee alijua kabla hajafa?" akauliza.

"Alijua, Bi Mwanaisha."

"Basi soma tena hapo."

Nikasoma tena, pale alipoitazama mikono yake. Alitikisa kichwa akijisemea jambo ambalo sikulisikia. Nikamwomba radhi, kwa maneno ambayo nilikuwa nimeyatayarisha muda mrefu na ambayo hayakufaa kitu.

"Shee nilimsamehe siku ya tatu, kwa kuwa alikuja siku ya tatu," akasema. "Wewe nipe muda, kama ulivyojipa. Na hilo daftari, lipo?"

Lipo. Nililitoa kwenye rafu ya ofisi zamani, nikalificha nyumbani.

"Kalisahihishe," akasema. "Na wenzako walione."

Nimelisahihisha kwa wino, chini ya mwandiko wa Shee, bila kuufuta wake. Bandikeni ukurasa huu wa daftari ukutani, na hayo mengine mtupe mkitaka.

Pikapu nyeupe ya Omari. Springi ya nyuma kushoto, mpya.
Aliyeiweka springi: Fundi Shee. Imewekwa sawa.
Nati nne za kushoto zimekazwa gari likiwa juu.
Aliyekaza: Katana.
Aliyetia rangi: Katana.